Picha ya Sahani Chini ya Sahani

Geita mjini,
4 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Mimi sijambo, ila watoto wa chekechea wameniambukiza mafua, nimefundisha wiki nzima nikiwa na kitambaa puani. Msalimie mama mdogo Asteria.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu simu siwezi. Unajua napanga chumba kimoja na dada yake mchumba wangu Edson, na huyo binti anasikiliza mpaka ninavyopumua. Enock wa Hiace ya Runzewe atakukabidhi barua hii pamoja na boksi moja. Usilifungue mbele ya watu.

Mama, wiki tatu zilizopita nilialikwa chakula cha mchana kwa Mzee Marwa, baba yake Edson, yule mwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu Rwamgasa. Mezani walikuwa wametandika vibao vya kuwekea sahani, na vingine vidogo vya kuwekea vikombe, na kila kibao kina picha ya sahani ya zamani ya Kiingereza. Nikajisahau. Nikaanza kusema: hii ya bluu ni ya daraja na ndege wawili, hii ni ya magofu na mchungaji, hii ya maua matupu yasiyoacha hata nafasi ya kidole. Mzee akaniuliza nimezijulia wapi. Mama, sijui nini kilinipata. Nikasema: nyumbani tulikuwa nazo, kabati zima.

Mzee alifurahi mno. Amenunua boksi la pili, hili hapa, akaniambia: "Mpelekee mama yako, azikumbuke sahani zake." Na wakija kuleta posa anataka tule juu ya vibao hivyo. Nikamwambia sahani zenyewe zilivunjika zote wakati tunahama. Naomba na wewe useme hivyo hivyo. Ni neno dogo tu.

Mwanao akupendaye,
Lusia


Runzewe,
12 Februari 2024

Mwanangu Lusia,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ni lile lile, halijapona wala halijaniua. Asteria anakusalimu, amepata mbuzi wawili wapya na hana habari nyingine. Mvua imekuja vizuri, mahindi yamefika kiunoni. Mafua kunywa tangawizi, uache kujifunga vitambaa.

Boksi limefika. Nimelifungua mbele ya Asteria kwa sababu huyo si watu, ni ndugu yangu. Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Kibao kigumu, chini kimebandikwa kitu kama gome la mti, juu plastiki inang'aa, na ndani ya plastiki kuna picha ya sahani. Nikamuuliza Asteria hiki ni cha nini. Akasema cha kuwekea sahani. Yaani unaweka mezani picha ya sahani, unaifunika kwa sahani, na picha huioni tena mpaka ushibe! Na watu wazima walikaa kikao, wakakubaliana kitu hicho kitengenezwe, na mwenye makarasha akakinunua mara mbili.

Nimezitambua zote sita. Hiyo ya daraja, angalia ukingo wake upande wa kulia, utaona majani yamekatika na kuanza upya. Dokta Helena wa misheni alinieleza: zamani kiwandani walikuwa wanapiga mchoro kwenye karatasi, wanaibandika kwenye sahani, na pale ncha mbili za karatasi zinapokutana pana kosa. Basi hawa wa vibao wamepiga picha mpaka kosa! Na mchoro wenyewe si wa Waingereza, walikuwa wakiwaiga Wachina. Mwingereza kamuiga Mchina, kiwanda cha plastiki kimemuiga Mwingereza, na Mzee Marwa anawaiga wote kwa pamoja. Hiyo ya magofu ndiyo siipendi kabisa. Mtu mwenye akili timamu anakulaje huku anatazama nyumba ya mtu iliyobomoka? Na wale ng'ombe wamekonda, hapa Bukombe usingepata mtu wa kuwapokea hata bure.

Sasa tuache kucheka. Sahani hizo zilikuwa zetu tangu lini? Zilikuwa za Dokta Helena, nyumba ya daktari pale misheni, na wewe umezijua kwa sababu ulikuwa unakaa kwenye gunia la mkaa jikoni, unaniangalia nikiziosha. Nimeziosha miaka kumi na tisa. Sikuvunja hata moja. Na wewe unataka nikae mbele ya wageni niseme nilizivunja zote siku moja.

Hilo sisemi.

Mama yako,
Scolastika


Geita mjini,
20 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Habari za goti? Mimi sijambo. Nimefurahi kusikia mahindi yanaendelea vizuri.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na hasira. Wewe na mama mdogo mmecheka, sawa, chekeni. Hamjui mimi nakaa na watu gani huku. Kabla yangu Edson alikuwa na mchumba mwingine, mwalimu kama mimi, msichana mzuri. Wazee walipokwenda kwao wakakuta mama yake anapika pombe ya kienyeji nyuma ya nyumba. Hawakunywa hata maji. Waligeuza gari pale pale, na Edson hakuthubutu kufungua mdomo. Hiyo ndiyo familia ninamoolewa, mama. Mimi nina miaka thelathini na mbili, na ninampenda Edson hata kama ni mwoga.

Unafikiri nikiwaambia mama yangu alikuwa mwosha vyombo wa mzungu watasema wabeja, asante sana? Watasema wamedanganywa. Na kweli, nimewadanganya, lakini maji yameshamwagika.

Sikuombi mengi. Usizungumzie jikoni. Usimtaje Dokta Helena kama bosi wako, ukimtaja sema alikuwa rafiki wa familia. Na tafadhali, zile hadithi zako za sabuni na majivu na jinsi ya kutoa doa la chai, ziache. Zinaonyesha.

Mwanao,
Lusia


Runzewe,
3 Machi 2024

Lusia,

Marahaba. Hapa hatujambo.

Nimekaa na barua yako siku kumi. Asteria alitaka kuijibu yeye, nikamzuia kwa sababu angechafua karatasi.

"Zinaonyesha," umeandika. Zinaonyesha nini, ng'wanone, mwanangu? Kwamba mama yako alifanya kazi? Mzee Marwa mwenyewe, kabla ya makarasha, alikuwa anabeba mifuko ya mawe mgongoni kule machimboni, kila mtu kutoka hapa mpaka Masumbwe anajua. Leo ana vibao vya maua, amesahau. Siwezi kumlaumu, pengine naye ana mtoto aliyemwambia mgongo wake unaonyesha.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia, kwa sababu sikutaka ukibebe. Dokta Helena alipokuwa anarudi kwao alinisimamisha mbele ya kabati akaniambia: "Scolastika, chagua chochote, ni chako." Zilikuwepo zote, za daraja, za magofu, za maua, na birika lenye mdomo wa dhahabu. Nilizijua moja moja, ipi ina ufa wa unywele, ipi inalia ukiigonga. Nilizitaka. Usifikiri sikuzitaka. Lakini nikamwambia sitaki chombo, naomba barua ya kukuombea nafasi sekondari ya masista. Akakaa chini pale pale akaiandika. Kwa hiyo ni kweli, kwa namna fulani sahani zilikuwa zetu, na tulizibadilisha na wewe. Mpaka leo sijaona kama nilipunjwa. Wiki hii ndiyo nimeanza kufikiri.

Walete hao watu. Nitavitandika vibao. Nitakaa mezani na kusema nilikuwa na kabati. Nitafanya hivyo kwa sababu una miaka thelathini na mbili na unampenda mwoga, na mimi ni mama yako. Lakini usiniandikie tena jinsi ya kuzungumza.

Mama yako,
Scolastika


Geita mjini,
1 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Natumaini mlisherehekea vizuri kigangoni. Sisi huku tulikula kwa Mzee, wali na mbuzi.

Asante, mama. Nimelia nikisoma barua yako. Habari ya ile barua ya Dokta sikuwa naijua.

Wanakuja Jumamosi tarehe 13: Mzee Marwa, mama yake Edson, na mshenga. Edson atabaki kwenye gari, anajua mkwe haingii. Nami nitatangulia Ijumaa, nitakaa chumba cha ndani kama inavyotakiwa mpaka niitwe. Mjomba Valerian azungumze kwa upande wetu, lakini asinywe kwanza. Meza azimeni ya kigango, ile ndefu. Mama mdogo Asteria naomba asiingie sebuleni, anacheka ovyo. Kibao cha daraja kiwe mbele ya Mzee, ndicho anachokipenda. Na vile vitenge vyako vya bustani usivivae.

Najua ulisema nisikufundishe. Nimefundisha kidogo tu. Nisamehe, ni woga.

Mwanao,
Lusia


Runzewe,
16 Aprili 2024

Lusia,

Nategemea ulifika salama na unaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Uliondoka Jumamosi jioni kwenye gari lao, ukanipa mkono kama mgeni, hatukupata nafasi ya kuzungumza. Nakuandikia nikusimulie sebule ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa nyuma ya pazia, ulisikia tu.

Mzee Marwa ni mtu mkubwa wa mwili, kiti cha kigango kililia. Alikula vizuri, ila kila baada ya tonge mbili alikuwa anainua sahani yake kuangalia kama daraja bado lipo. Mchuzi ukamwagika kwenye ndege. Mke wake akaupangusa kwa kidole na kuulamba kidole, halafu akanitazama kama nimemuona. Nilimuona.

Chai ilipokuja nzi walikuwa wengi. Mimi nikachukua kile kibao kidogo cha kuwekea kikombe, nikakifunika kikombe changu, kama mtu yeyote anavyofunika chai yake. Mzee akaona. Akachukua chake, akafunika. Mke wake akafunika, mshenga akafunika, hata Valerian, ambaye hakuwa na chai, alifunika kikombe kitupu. Mzee akajiegemeza akasema kwa sauti ya kujua: "Ndivyo wanavyofanya Waingereza. Nimewaona mgodini." Asteria alikuwa dirishani kwa nje, nikasikia amekaa chini ghafla.

Basi hao ndio watu uliowaogopa. Wanaiga hata ninachofanya kwa sababu ya nzi. Ungewaambia mama yako alikuwa malkia wa Uingereza wangeuliza tu taji amelihifadhi wapi.

Niliwaambia nilikuwa na kabati. Niliwaambia sahani niliziacha misheni, na Mzee hakukumbuka hata kwamba wewe ulimwambia zilivunjika. Kusema nilivunja sikusema, hata uongoni sivunji.

Halafu Mzee akauliza. Ulisikia, lakini acha niandike ili iwepo mahali. Aliuliza: "Mkwe, sahani zote hizo, mlikuwa mnaosha wenyewe?" Mke wake akacheka. Hapo nikanyamaza. Hukujua kwa nini nimenyamaza? Nilikuwa nakupa muda. Nilisogeza bakuli la nyama ambalo lilikuwa pale pale. Nikamwongezea Valerian chai kwenye kile kikombe kitupu. Nilikuwa naangalia pazia, Lusia. Ungetoka ukasema neno moja, lolote, ningesimama na kukukumbatia mbele yao, waoe au wasioe. Pazia halikutikisika.

Nikasema: "Kulikuwa na mwanamke mmoja wa hapa hapa. Alikuwa anaosha vizuri." Mzee akauliza jina lake. Nikamwambia silikumbuki.

Imeniuma. Sitakuficha, imeniuma kuliko siku ya kumzika baba yako, maana baba yako sikumkana.

Posa imekubaliwa, Valerian amepokea. Umepata ulichotaka.

Mama yako,
Scolastika


Geita mjini,
5 Mei 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini unaendelea vizuri na goti si baya, maana baridi imeanza. Mimi sijambo. Nimechelewa kuandika, tulikuwa na mitihani.

Mama, siku ile nilisikia kila neno. Nilikuwa nimeshika pazia. Ukinikasirikia una haki.

Ndoa ni tarehe 10 Agosti, padre amekubali. Mzee anakusifu kila anapokaa. Anasema hajawahi kuona mwanamke mstaarabu kama wewe, na siku hizi nyumbani kwake hakuna anayekunywa chai bila kufunika kikombe.

Lakini kuna jambo limenishinda. Mzee anajenga nyumba ya wageni Rwamgasa, kwa ajili ya wanunuzi wa dhahabu kutoka nje, na ameagiza sahani za udongo zenyewe, za bluu, si vibao. Sasa anamtafuta yule mwanamke. Yule uliyemtaja. Anasema mtu aliyeosha kabati zima miaka yote hiyo bila kuvunja hapatikani siku hizi, kama bado ana nguvu aje afundishe wasichana wake, na kama amezeeka basi ampe tu heshima akae pale awasimamie. Ameniuliza mara tatu. Jana ameniuliza mbele ya Edson, na amesema asipopata jibu atakuja Runzewe mwenyewe kuuliza misheni.

Mama, nimwambie nini? Naomba unijibu haraka, mpe Enock.

Mwanao,
Lusia


Runzewe,
14 Mei 2024

Lusia,

Marahaba. Hapa wote wazima. Mahindi tumevuna.

Mwambie mkwe wako Mzee Marwa amechelewa. Yule mwanamke alikufa Jumamosi, tarehe 13 Aprili, mchana, wageni wakiwa mezani. Hakuwa anaumwa. Mwambie hakuna haja ya kwenda misheni, wala kaburi halipo la kuonyesha.

Harusini nitakuja, na nguo nitachagua mwenyewe.

Akikuuliza kama aliacha mtoto, hilo utamjibu wewe.

Mama yako mwenye sahani,
Scolastika